Mpira Uliorudi Juu ya Paa

Jioni ile Kurahashi alipohama, Mzee Ambilikile alisukuma sahani ya ndizi pembeni, na Esnath mkewe akadhani kuna msiba.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna aliyefariki. Kurahashi kahama timu. Kaenda kwa Wamarekani."

Esnath akaivuta ile sahani, akaanza kula yeye. Miaka yote ya ndoa alikuwa amejifunza kutofautisha msiba wa kweli na msiba wa redio.

Lakini mzee alikuwa amepigwa na butwaa kwelikweli. Redio ilikuwa bado mapajani mwake, matangazo ya Kiswahili kutoka Japani yakija na kupotea kama kawaida yake siku za mvua. Mtangazaji alikuwa ameisema habari yenyewe kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mahindi: mtupaji hodari wa besiboli, Kurahashi, ameiaga timu ya nyumbani, na msimu ujao atawachezea Wamarekani. Basi. Akaingia kwenye habari za mafuriko.

Katika Rungwe nzima, mpenzi wa besiboli, mchezo huo wa kutupa mpira na kuupiga kwa gongo, alikuwa mmoja tu. Ugonjwa huo aliambukizwa na Bwana Nakao, fundi wa Kijapani aliyekuja kufunga mitambo ya kukaushia chai kwenye kiwanda ambako Mzee Ambilikile alikuwa makanika. Kazi ikiisha, wawili hao walikuwa wakirushiana mpira kwenye uwanja wa kuni hadi walinzi wakachoka kuwacheka. Nakao alipoondoka alimwachia glavu moja ya kudakia, mpira mmoja mgumu wenye mshono mwekundu, na picha ya Kurahashi ameinua mguu. Tangu astaafu, mzee alikuwa akiutupa mpira kwenye ukuta wa banda la ng'ombe na kuuokota mwenyewe. Watu wa kijiji chake, Mpuguso, ambao ugomvi wao ni Simba na Yanga, walimwona kama mtu anayecheza bao peke yake. Kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, walimchekea mbali.

Haikupita wiki, huzuni ikageuka homa. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, mitumba imefurika Tukuyu, vijana wanavaa kofia za timu za Marekani bila kujua kama ni za timu au za kampuni ya mbolea. Mzee akashinda sokoni akifukua marundo hadi akaipata kofia ya timu mpya ya Kurahashi, imepauka na ina tundu la panya. Akaivaa hadi kanisani, akaivua mlangoni. "Hajatukimbia," akawaambia waliokuwa hawajauliza. "Amekwenda kuwafundisha." Kisha akamwandikia Nakao, akamwomba kanda ya video ya mechi ya kwanza, akaanza kusubiri.

Sasa, nyumbani kwa mzee kulikuwa na mkamwana, Tulinagwe, mke wa mwanawe Gwamaka, aliyekuwa safarini siku nyingi na lori la viazi. Binti huyo alitoka Isongole, na mzee hakuwa amepata kuuona uso wake. Ndiyo mila, Wanyakyusa wanaiita ukutila: mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemeshani, hawapeani kitu mkononi. Yeye akiwa uani, mzee hapiti uani. Mzee akiwa sebuleni, yeye anazunguka kwenye migomba. Nyumba nyingi za Wakristo zilikuwa zimeanza kuilegeza, lakini si ya Ambilikile. Aliwahi kumwambia jirani yake Lazaro, mbele ya watu wanaotoka ibadani, kwamba nyumba ambayo mkwe na mkamwana wanakunywa chai meza moja imeng'oka mlango. Lazaro hakulisahau neno hilo.

Siku moja mkono wa mzee ukateleza. Mpira ukaruka banda, ukaruka na paa la nyumba, ukaangukia uani upande wa jikoni. Mzee akasimama anajikuna. Kwenda kuufuata hawezi.

"Esnath," akaita. "Mpira huo."

Mpira ukaja juu ya paa, umenyooka, ukamgonga kwenye kiganja cha glavu na kumrudisha hatua nyuma.

Mzee akaduwaa. Akautupa tena, makusudi. Ukarudi tena. Kabla ya kuingia ndani siku hiyo alikuwa ametokwa jasho, na moyo wake ulikuwa umejaa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu Nakao apande gari lake.

"Mke wangu," akasema wakati wa kula, "kumbe miaka yote hii nimelala na mtupaji."

Esnath akakohoa, akaomba maji.

Ikawa desturi. Alasiri mvua ikipumzika, mzee anaita, "Esnath, uko tayari?" na kutoka nyuma ya nyumba sufuria inagongwa mara mbili. Mzee alichukulia kwamba mkewe anaona haya, hataki majirani wasikie sauti yake mchezoni. Jioni, kwa shukrani, akawa anamfundisha. Alisema kwa sauti kubwa, maana Esnath alikuwa na tabia ya kufumba macho: Kurahashi anashika hivi, vidole viwili juu ya mshono, kidole gumba chini, kifundo anakikunja mwishoni. Kesho yake mpira ukaja juu ya paa, ukafika usawa wa mparachichi, ukapinda. Mzee akadaka hewa. Akakaa chini kwenye nyasi mbichi, mdomo wazi, suruali ikiloa.

Ukweli ulimfikia Jumatano. Alikuwa ametupa, anasubiri. Kwenye njia ya kutoka mashamba ya chai akatokea Esnath, mzigo wa kuni kichwani.

"Ndaga, baba Gwamaka," akasalimia.

Na papo hapo mpira ukaja juu ya paa, ukaingia kwenye glavu.

Mzee akamtazama mkewe. Akautazama mpira. Akalitazama paa. Akashika ukuta wa banda.

"Nani yuko nyuma?" akauliza, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Esnath akatua kuni taratibu. "Tangu mwanzo ni yeye. Mimi kwa bega hili hata shuka siwezi kuanika. Ulinisifu mwenyewe, nikaona nikikanusha nitakuvunja moyo."

Wiki zote hizo mzee alikuwa akipokea kitu kutoka mkononi mwa mkamwana wake na kumrudishia, kila siku, huku anacheka. Wazee waliomlea walisema kosa hilo halimrudii mwanamume, linakwenda kukaa kwenye tumbo la mwanamke. Na Tulinagwe alikuwa mjamzito. Mzee alikuwa mzee wa kanisa na alikwisha kusema madhabahuni kwamba haamini mambo hayo, lakini hofu haiulizi cheti cha ubatizo. Akaingia ndani, akafungia glavu na mpira kwenye sanduku la nguo, akakaa na redio bila kuiwasha.

Alasiri zilizofuata zilikuwa ngumu. Saa ya mchezo ilipofika alitoka, akatazama paa, akarudi. Aliona aibu, na juu ya aibu aliona upweke, na upweke ndio uliomuuma zaidi. Nyuma ya nyumba hakukuwa na sauti. Hata vyombo vilioshwa kimyakimya.

Ijumaa ya wiki iliyofuata kanda ikafika. Posta walimkabidhi kifurushi chenye stempu za Kijapani, na Ackson, mwenye kibanda cha video pale Tukuyu, akakubali kuionyesha kesho yake mchana kabla ya filamu za karate. Mzee alirudi nyumbani amekikumbatia, akamkuta Esnath amesimama mlangoni.

"Mtoto anafunga mizigo," Esnath akasema. "Kesho anarudi Isongole kwa mama yake."

"Anarudi? Kafanya nini?"

"Anasema amekutia unajisi. Unakaa kimya humu ndani kama tumemzika, yeye asemeje?"

Mzee akakiweka kifurushi juu ya meza.

"Basi nikwambie," Esnath akaendelea. "Mkono ule kaupata Isongole, akilinda mahindi yasiliwe na ngedere. Tangu mdogo anatupa mawe. Hayo ya vidole na mshono kayapata kwako. Kila jioni unanihutubia mimi, mimi nasinzia, yeye huko jikoni anaosha vyombo polepole asipitwe na neno. Mchezo wenyewe hajauona. Huyo Kulahashi hajamwona. Wala wewe hajakuona uso."

Hapo mzee alishtuka kuliko siku ya mpira. Rungwe nzima ilikuwa imemcheka, na kumbe nyuma ya ukuta wake mwenyewe kulikuwa na mtu anayemsikiliza.

"Mwambie asiende," akasema.

"Nimemwambia. Anasema neno langu si neno lako. Na wewe huwezi kumwambia."

Jumamosi kibanda cha Ackson kilijaa. Kilikuwa chumba cha mbao na bati, mabenchi manne, pazia la blanketi mlangoni. Watu walikuja kumwona Mjapani aliyemfanya mzee wa kanisa avae kofia yenye tundu la panya. Lazaro alikaa benchi la pili, amekunja mikono. Mzee alikaa mbele, karibu na televisheni hata angeweza kuigusa.

Ackson akasukuma kanda kwenye deki. Picha ikaja bila rangi, ikatetemeka, ikatulia. Uwanja mkubwa, watu wengi kuliko mzee alivyowahi kuona mahali pamoja, na katikati yake, peke yake, Kurahashi. Si yule wa picha. Huyu alikuwa anatembea. Anafuta jasho. Mzee akavua kofia bila kujua.

Pazia likafunuliwa. Esnath akaingiza kichwa.

"Baba Gwamaka. Gari la Isongole linakaribia kujaa. Nimekuja kukuaga kwa niaba yake, maana mwenyewe hawezi kuingia."

Kwenye televisheni Kurahashi alikuwa anainua mguu.

"Ackson," mzee akasema, "simamisha."

Picha ikaganda, mguu ukiwa juu. Mzee akasimama. Watu wakamwona anapepesuka kidogo, kama aliyekaa sana.

"Rudisha mwanzo," akamwambia Ackson. Kisha akamgeukia mkewe. "Mlete ndani. Akae nilipokuwa nimekaa mimi. Aone."

"Na wewe?"

"Mimi natokea mlango wa nyuma."

Benchi zima likageuka. Lazaro aliyekuwa amekunja mikono akaikunjua. Walijua jinsi mzee alivyoisubiri kanda ile, maana hakuwa amewapa nafasi ya kutojua.

"Mzee," Lazaro akasema, "na ile mila?"

"Natoka nayo, Lazaro. Tutanyeshewa wote wawili huko nje."

Akatoka. Nyuma ya kibanda kulikuwa na kreti tupu ya soda chini ya ukingo wa bati. Akakaa, akaegemeza mgongo kwenye mbao. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya Tukuyu isiyojua kukata. Akasikia miguu ikiingia, benchi likilia, kisha kimya. Akajiambia kwamba inatosha, binti atakuwa ameona, na kama gari litamwacha basi limemwacha. Lakini mechi ya kwanza ya Kurahashi ilikuwa inachezwa nyuma ya kisogo chake na yeye alikuwa anatazama migomba ya watu.

Ndipo akasikia sauti. Hakuwahi kuisikia. Ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, na ilikuwa inatetemeka.

"Mama, ananyanyua mguu."

Mzee akakaa wima.

"Mama, ameushika vidole viwili juu ya mshono. Kidole gumba kiko chini. Ametupa. Mpigaji amekosa."

Sauti ilikuwa kubwa kupita haja. Esnath alikuwa amekaa ubavuni mwake na anayaona yote. Wanaume wa Tukuyu na Mpuguso walikuwa wamekaa kimya kama kwenye ibada, wakimsikiliza mkamwana wa Ambilikile akimsimulia mama mkwe wake kitu kilichokuwa mbele ya macho ya wote.

"Ametupa tena, mama. Amekosa tena. Sasa anatikisa kichwa, anakataa alichoambiwa na mdakaji. Anafuta mkono kwenye suruali." Sauti ikakatika, ikarudi. "Huu utapinda, mama. Tazama kifundo. Umepinda. Amekosa mara tatu, mpigaji ametoka."

Mzee Ambilikile akafunika uso kwa kofia. Alilia, na hakuna haja ya kumsetiri, alilia kabisa, mabega yakitikisika kwenye zile mbao, hata walioegemea upande wa ndani wakahisi.

Alipoweza kusema, akaita.

"Esnath."

"Naam, baba Gwamaka."

"Mwambie huyo uliye naye akashushe mzigo wake garini." Akarudisha kofia kichwani. "Jumatatu alasiri, mvua ikipumzika, mpira utapita juu ya paa. Paa si mkono. Na Lazaro kama anasikia, asikie."

Mvua ilikuwa ikigonga bati. Mzee akangoja, amekaza shingo, akiogopa kwamba safari hii neno lake limechelewa na benchi limebaki tupu.

Kisha kwenye ubao, usawa wa kisogo chake, vidole vikagonga mara mbili.