Sauti Zilizobadilishana Madirishani

Mwaka 1997 mradi wa kupima mashamba ulifungua ofisi Kihanga, yenye madirisha mawili na kompyuta moja iliyohudumia watu wawili kwa mpigo. Asubuhi moja Mukandekezi, mama mkulima wa Bweranyange, alisimama kwenye dirisha la kushoto. Kwenye la kulia alisimama jirani yake wa kiume, Ndyamukama. Walipotoka, kila mmoja alikuwa na sauti ya mwenzake.

Mukandekezi aligundua alipomsalimu muuza chumvi. Akakohoa, akachukua chumvi yake, akaenda nyumbani.

Zuleha, aliyeitunza kompyuta, alikwisha kupokea malalamiko ya watu wengine waliobadilishana sauti. Alifunga dirisha moja. Kila mtu akatoka na sauti yake. Akafungua yote mawili, sauti zikachanganyika. Akaichunguza programu. Ilikuwa ikiazima kazi kutoka maktaba mbili, yaani mafungu ya maagizo yaliyoandikwa tayari kwa ajili ya kompyuta: ya zamani, iliyojua kuhudumia mtu mmoja tu, na ya nyuzi, iliyompa kila mtu uzi wake wa kazi na kujua kuwatenganisha wengi. Mashine ilichukua kazi kwenye maktaba iliyotajwa kwanza. Aliyeziunganisha alikuwa ametanguliza ile ya zamani, kwa hiyo ile ya nyuzi haikuulizwa kitu.

"Nabadili mpangilio tu," aliwaambia majirani hao alipowaita ofisini. "Kisha msimame tena madirishani pamoja. Sauti zitarudi."

Mukandekezi alimzuia.

"Binti yangu," alisema kwa sauti nzito ya Ndyamukama, "mimi nimezaliwa Bweranyange. Wazazi wangu ndio waliotoka Rwanda. Kila nikiomba kupimiwa shamba, karani wa hapa anasikia lafudhi yangu ya Kinyarwanda, ananiambia nisubiri. Jana nilimwomba kwa sauti hii, akanipangia mpimaji palepale bila kuinua uso."

Ndyamukama naye alikuwa amesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, akadaiwa kibali cha kuishi nchini kwa sababu ya sauti ya Mukandekezi.

"Ngoja apimiwe kwanza," alisema kwa sauti nyembamba. "Mimi nitakaa nyumbani, ninyamaze."

Mpimaji akaja, mawe ya mpaka yakachimbiwa kuzunguka migomba. Ndipo Zuleha akatanguliza maktaba ya nyuzi, akaiunganisha programu upya. Majirani wakasimama madirishani, wakatoka na sauti zao. Ndyamukama alicheka kwa nguvu ili aisikie yake.

Mukandekezi akaingia kwa karani kuchukua hati.

"Habari za kazi, baba. Nimefuata hati yangu."

Karani aliinua uso. "Njema. Kwenu wapi, mama?"

"Bweranyange."

"Kabla ya Bweranyange?"

Hakukuwa na kabla. Karani aliirudisha hati ndani ya mtoto wa meza, akamwomba awapishe wengine.

Wakarudi nyumbani pamoja. Njiani, kwenye kizuizi, aliongea Ndyamukama peke yake.