Hongo ya Waya

Ami Salmini alikuwa mtu wa kwanza katika Mtaa wa Mkunazini, Tabora, kuvuta faiba, waya wa intaneti, na tangu masika hadi kiangazi alibaki kuwa huyo huyo mmoja. Siku mafundi walipomfungia kile kiboksi chenye vitaa vya kijani juu ya kabati la halua, alifanya ambalo angelifanya kama angekuwa amechimba kisima: aliwaita majirani waje wachote. Alichukua chaki akaandika neno la siri mlangoni, chini ya bei ya halua, kwa herufi kubwa ili wenye macho mabovu wasihangaike.

Aliyemuuzia alikuwa Zuwena, wakala wa kampuni ya Mkondo ya Dar es Salaam, binti wa mtaa huo huo, aliyekuwa bado kwenye majaribio. Zuwena aliyaona yale maandishi akasimama kidogo, akapita. Angemwambiaje mzee aliyemwita mjukuu tangu hajaota meno kwamba ukarimu wake utamkosesha mtu kazi?

Na kazi ilikuwa inakwenda kweli. Alipita nyumba kwa nyumba na fulana yake ya kampuni, akipiga hodi, akipokewa vizuri kila mahali.

"Karibu, Zuwena mwanangu. Kaa. Unasemaje?"

"Nimekuja kuhusu faiba, mama."

"Ahsante, lakini tunayo."

"Mnayo wapi?"

"Kwa Ami."

Jibu lilikuwa hilo hilo hadi mwisho wa mtaa. Fundi cherehani alikuwa nayo, kwa Ami. Mwenye genge alikuwa nayo, kwa Ami, ingawa ilibidi apande juu ya ndoo kuipata vizuri. Hata Bi Doto, mjane wa Kinyamwezi aliyeuza asali na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kibaraza mkabala na duka la halua, alikuwa ameshaona harusi mbili za wajukuu wake waishio mbali, zote kwa hisani ya Ami.

Zuwena hakuwalaumu. Alijaribu kuwaeleza tu jinsi kampuni inavyopata riziki yake, kama alivyofundishwa kwenye semina. Pesa nyingi huliwa na kuchimba mtaro, alisema. Waya ukishalala chini, kila nyumba inayojiunga ni faida juu ya faida, na nyumba isiyojiunga ni mtaro uliochimbwa bure. Ndiyo maana kampuni ina hesabu mbili: nyumba zilizopitiwa na waya, na nyumba zilizounganishwa.

"Mimi niko hesabu ipi?" Bi Doto aliuliza siku moja, akifunga mdomo wa chupa ya asali.

"Umepitiwa, bibi."

"Nimepitiwa." Bi Doto alilitafuna neno hilo. "Na huko Dar wanajua kwamba nimepitiwa?"

"Wanajua. Wanaziandika nyumba zote zilizopitiwa ili wenye mitaji waone kampuni imefika mbali."

"Kumbe wanajivunia mlango wangu," alisema Bi Doto, kisha akaendelea na kazi yake, na Zuwena akadhani yamekwisha.

Bosi wa Zuwena alikuja mwenyewe kutoka Dar es Salaam, siku ya Jumatano. Aliitwa Adinani, mtu mnene, mcheshi, mwenye viatu vya ngozi vilivyong'aa na mkoba mweusi ambao hakuuachia hata alipopeana mkono. Alimkalisha Zuwena ndani ya gari, akamfungulia simu yake kumwonyesha mchoro.

"Hebu nisaidie. Mteja wetu mmoja anatazama mpira, tamthilia tatu, mawaidha na katuni, vyote dakika moja. Huyu Salmini ana wake wangapi?"

"Mmoja, bosi."

"Basi huyo mke ana macho mengi."

Zuwena alicheka kwa adabu. Adinani naye alicheka, halafu akaacha. Kampuni haiwezi kukaa mtaani kwa mteja mmoja, alisema. Mafundi wangeng'oa vifaa vyao na kuvipeleka Usoke, ambako wanunuzi wa tumbaku walikuwa wakiulizia. Na wakala wa mtaa uliokufa hana cha kuwakilisha. "Leo tunakata. Pole, dada. Si kwamba nakuchukia."

Zuwena alitazama nje. Alikuwa ameacha kazi ya kufungasha unga ili apate hii. Nyumbani wote walishaanza kumwita Meneja, na hawakuwa wakitania.

"Tukakate," alisema polepole, "lakini lazima umsalimie kwanza mwenye nyumba."

Hilo lilikuwa kosa la Adinani, kukubali. Saa za kusalimia nyumba ya Ami Salmini ndizo saa za chakula, na pale hakuna aliyewahi kusalimia akaondoka. Viatu vilivuliwa mlangoni, mkeka ukatandikwa, sinia la wali na kuku likafika kabla hajataja waya. Bi Doto alikuwepo pia. Alikuwa ameleta asali, akaambiwa anawe mikono.

Adinani aliuweka mkoba pembeni ili anawe. Alionja wali, akafumba macho.

"Mashaallah. Umebakiza kitu kimoja tu, Ami. Kwetu Kisarawe wali huu ungetiwa nazi."

Bi Doto aliacha kutafuna.

"Kisarawe? Wewe Mzaramo?"

"Wa kuzaliwa."

"Mimi Mnyamwezi."

Adinani akageuka kuutafuta mkoba wake, lakini ulikuwa umeshahamia chini ya kanga ya Bi Doto, na Bi Doto alikuwa ameshaukalia.

Hapo hapakuwa na cha kufanya. Mtani akishika kitu chako amekishika. Ukikasirika unakuwa umeshindwa, na ukimwita askari utachekwa kuanzia Tura hadi baharini. Utani wa makabila hayo mawili ulianza tangu enzi za misafara, wakati Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo, na haujawahi kuuliza mtu ana cheo gani.

"Mnyamwezi, nipe mkoba wangu. Saa nane nina mkutano, na kompyuta imo humo."

"Mkutano wa nini? Nyie mkikutana si ni kwa ajili ya ngoma ya mwali tu?"

"Afadhali sisi tunacheza. Nyie mkiona mzigo mpaka leo mabega yanawawasha."

"Yananiwasha kweli. Ndiyo maana nimeubeba huu." Bi Doto aliuvuta mkoba kutoka chini yake, akafungua zipu, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta chakula.

"Hakuna matobolwa humo," alisema Adinani.

"Naona." Aliutazama ndani kidogo zaidi, akafunga zipu, akaukalia tena. "Sasa sikiliza, Mzaramo. Zamani msafara ukipita kwenye nchi ya mtu ulitoa hongo, ushuru wa njia. Nguo, shanga, waya wa shaba. Msafara wako umepita chini ya kizingiti changu tangu masika. Mmenihesabu, mmekwenda kujivunia kwa matajiri kwamba mmenipitia. Hongo yangu iko wapi?"

Zuwena aliinamisha kichwa juu ya sinia. Habari hizo zilitoka kwake.

Ami Salmini, aliyekuwa akifuata mambo haya kwa furaha kubwa, alimsogezea mgeni paja la kuku. "Ana haki," alisema. "Hapa Tabora wote walitoa."

Adinani alifikiri, au alijifanya kufikiri. Kisha akaachia tabasamu pana. "Haya. Umenishika. Kila nyumba ya mtaa huu nitaipa mwezi mmoja bure. Lakini kila mtu na kiboksi chake, na ile chaki ya mlangoni ifutwe."

Alilitoa jibu haraka mno. Zuwena, ambaye alikuwa ameomba punguzo dogo kuliko hilo mara kadhaa na kukataliwa, alishangaa.

"Miezi mitatu," alisema Bi Doto.

Wali ulimpalia Adinani. Alikohoa hadi Ami akampa maji.

"Bibi, mwezi mmoja uko mikononi mwangu. Mitatu sina ruhusa."

"Kaombe ruhusa."

"Kwa kompyuta ipi?"

Bi Doto aliona hoja hiyo ni ya haki. Alimrudishia mkoba, akatoka mlangoni, akarudi na vile viatu vya ngozi, akavikalia badala yake.

Basi mkutano wa saa nane ulifanyika pale mkekani, kwa faiba ya Ami Salmini, bosi akiwa amevaa soksi, moja ikiwa na tundu la kidole. Wakubwa wa Dar walionekana kwenye kioo wakiwa na suti. Adinani aliwaeleza kwa Kiswahili kizuri, akipima maneno. Mtaro umeshachimbwa, alisema, pesa yake imeshakwenda na hairudi kwa kung'oa. Kiboksi ni rahisi. Mtu akizoea mwezi mmoja anaweza kuacha. Akizoea mitatu, kuacha kunamuuma. Huo muda wa bure si hasara, ni chambo.

"Mtaa mzima utajiunga?" aliuliza mkubwa mmoja.

Adinani alimtazama Zuwena. Zuwena akamtazama Bi Doto. Bi Doto akainamia kamera, uso wake ukajaa kwenye kioo.

"Mzima. Atakayekataa hongo niliyompigania atanieleza mimi."

Ruhusa ikatoka. Ami Salmini alitoka na kitambaa cha mvua cha kufutia masinia, akaifuta chaki yake polepole, kama anayefuta jina la marehemu. Adinani alivaa viatu vyake, na wakati Bi Doto akiaga wengine, aliinua chupa kubwa ya asali kutoka kwenye kikapu chake, akaingia nayo garini.

"Mwizi! Mzaramo mwizi!" Bi Doto alipiga kelele, uso ukimchanua kwa furaha.

Kabla gari halijaondoka, Adinani alimwita Zuwena dirishani. "Waliounganishwa bure bado si wateja, dada. Mteja ni anayelipa. Hongo ikiisha, nusu ya mtaa ikilipa, una ajira. Isipolipa, nitakuja na mafundi, na safari hiyo nitakuwa nimeshakula." Alifungua mkoba akampa furushi la vipeperushi. "Gawa hivi. Vilikuwa viende Usoke."

Zuwena alisoma cha juu. Kilikuwa kimepigwa chapa kwa rangi nzuri, na ni dhahiri kilipigwa Dar: *Karibu Mkondo. Mwezi wa kwanza bure.*

Alisimama barabarani mpaka vumbi la gari likatulia. Alivuka hadi kwenye kibaraza cha Bi Doto, akiwaza jinsi ya kumwambia bibi huyo kwamba amechezewa.

"Bibi, ule mwezi mmoja alikuja nao mwenyewe. Umeandikwa hapa."

"Najua. Nilisoma." Bi Doto alikuwa akipanga matobolwa yake. "Unadhani nilifungua zipu kutafuta nini? Mtu hawezi kunilipa hongo kwa kitu alichokuja kugawa."

Vilipofungwa viboksi, mtaa ulibadilika kidogo kidogo. Bi Doto aliweka benchi mbele ya kibaraza, kisha la pili. Neno lake la siri hakuliandika popote. Alilinong'ona kwa mnunuzi wa matobolwa na karanga, na alilibadilisha kila asubuhi. Wanafunzi wa seminari ya Kipalapala waliokuja mjini walikuwa wateja wake wakubwa: walisoma, walitazama mpira, walitafuna. Mmoja alimuuliza kama hiyo si biashara ya faiba ya kampuni. Bi Doto alimjibu kwamba yeye anauza viazi vilivyokaushwa, na benchi ni la kupumzishia taya.

Miezi mitatu ikaisha. Asubuhi ya siku ya kulipa Zuwena hakunywa chai. Alikaa kitandani na simu ya kampuni magotini, ile inayolia kila mteja anapolipa, na kwa muda mrefu haikulia. Aliwaza unga. Aliwaza jina la Meneja litakavyoanza kusemwa kwa sauti nyingine.

Simu ikalia. *Doto*.

Alitoka nje. Bi Doto alikuwa katikati ya barabara, mkono kiunoni, akimsemesha mwenye genge kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa mtaa.

"Nimekuletea hongo, umeila miezi mitatu, leo unaniambia huna? Mzaramo akirudi hapa akatucheka, mimi nitaweka wapi uso? Lipa!"

Simu ikalia tena. Ikalia kwa fundi cherehani, ikalia kwa mwenye genge, ikalia kwa jirani wa jirani. Walilipa wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu wajukuu walilia, wengine kwa kumwogopa Bi Doto, na simu haikutofautisha. Kabla ya adhuhuri nusu ya mtaa ilikuwa imelipa, na ujumbe wa Adinani ukaingia: *Hongera, mfanyakazi. Mwambie Mnyamwezi asali ilikuwa na maji.*

Zuwena alicheka peke yake, akakaa chini barabarani, akasimama tena kwa aibu. Kisha, kwa kuwa alizoea kumaliza kazi kwa utaratibu, alipitia majina mpaka mwisho. Ilipofika alasiri mtaa mzima ulikuwa umelipa, isipokuwa nyumba moja.

Alipiga hodi kwenye duka la halua. Ami Salmini alikuwa ameegemea mto, akitazama mawaidha kwenye simu, picha safi kabisa. Kile kiboksi juu ya kabati kilikuwa kimezimika.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, kaa, onja halua."

"Ami, nimekuja kuhusu faiba."

"Ahsante," alisema Ami Salmini kwa upole, akimkatia kipande kikubwa. "Lakini ninayo. Kwa Doto."