Kamba ya Tatu

Ukimwuliza mtu yeyote wa Ibanda habari za Elysée, atakwambia, "Ah, yule wa makaburi!" Miaka ishirini na sita alikuwa akichonga misalaba na majina ya marehemu, kazi ambayo watu huitazama huku wakilia, kisha wanakwenda zao. Kwa hiyo Abbé Cyprien, padre wa parokia, alipomwagiza bamba la jiwe la kuweka mbele ya altare mpya, Elysée alifurahi hata akasahau kula. Sasa watu wangeitazama kazi yake kila Jumapili.

Abbé alimpa picha ya kuiga. Lilikuwa jiwe la kanisa moja la kando ya bahari, huko Ulaya, lililochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: kamba tatu zinasukana kuzunguka msalaba, na chini yake ndege wawili wanakunywa kikombe kimoja.

"Fanya sawasawa na foto," Abbé alisema. "Usiongeze, usipunguze."

Elysée alipiga patasi miezi minne. Wiki ya pili tu, aliona. Kwenye pembe ya kushoto ya picha, kamba ya tatu iliingia chini ya mwenzake, na haikutoka tena. Fundi wa kale alikuwa amekosea. Elysée alikuna kichwa: mimi nani wa kusahihisha jiwe la Wazungu, tena la kanisa? Akalichonga kosa kama lilivyo, wala hakumwuliza mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Siku mbili kabla ya askofu kuja kubariki altare, bamba lilifikishwa kanisani. Vigelegele hivyo, usiseme! Lakini Maman Ghislaine, mkuu wa mapambo, ambaye amesuka vitunga tangu utoto wake kule Katana, alipiga magoti akaifuata kamba kwa kidole. Kwenye pembe kidole kikasimama.

"Papa Elysée, hii kamba inaenda wapi?"

"Njo vile iko mu foto, maman."

"Mutoto wangu akisuka vile, namuambia afumue kitunga muzima." Watu wakacheka. "Uliona?"

Angeweza kukana. Uso ulimwaka moto.

"Niliona."

"Na ukanyamaza?"

Abbé aliingilia kati haraka. "Maman, acha. Nani atapiga magoti kuhesabu kamba? Bamba inabaki. Na Jumapili nitataja jina ya fundi mbele ya askofu."

Hilo ndilo Elysée alilolitamani maisha yake yote. Akalitazama bamba, lakini msalaba hakuuona, wala ndege. Macho yaliishia pale pembeni.

"Mulitoe, Abbé."

"Lakini hata yule muzee wa zamani alikosea!"

"Yule alikosea bila kujua. Mimi nilijua."

Jumapili, bamba likiwa limeshatolewa, askofu alibariki altare iliyofunikwa kitambaa cheupe hadi sakafuni, na jina lililotajwa lilikuwa la aliyekishona.