Faulo ya Tano ya Yaluvi

Bendi ilipopiga, Niséforo akafuta ubao. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nakunywa maji.

Niséforo ndiye anayekaa mezani na chaki. Sikukuu ya mwaka huu kamati ya wilaya ilituletea karatasi ya sheria mpya za mpira wa kikapu: mchezo si vipindi viwili tena, ni robo nne. Kila robo ikiisha, faulo za timu zinafutwa. Timu ikifikisha faulo tano ndani ya robo moja, wenzao wanapewa mitupo huru miwili. Niséforo kusoma kunamsumbua, basi akajiwekea alama yake: bendi ikipiga, robo imekwisha, futa. Asubuhi nzima ikamfaa. Lakini fainali ya wanawake, kijiji chetu Yaluvi na wageni wa Lachetu, iliisha sare, na wapiga tarumbeta wakapiga vilevile kabla ya dakika tano za nyongeza. Sisi Yaluvi tulikuwa na faulo nne. Ubao ukawa mtupu.

Nami, refa, niliurusha mpira nyongeza ianze bila kuwaambia manahodha lolote kuhusu faulo. Hilo ni kosa langu.

Ilikuwa fainali yangu ya kwanza kushika filimbi. Miaka kumi na minne filimbi ilikuwa ya Mzee Fidencio, mpaka magoti yakamkatalia. Aristeo, mkuu wa michezo wa kijiji, alinikabidhi mbele za watu. "Otilia, leo tunakujaribu. Ukivuruga, tunatafuta mwanamume." Tangu hapo sikutulia. Nikisimama, miguu inataka kutembea. Nikitembea, inataka kukimbia.

Zikabaki sekunde tisa, Yaluvi tunaongoza kwa pointi moja. Zenaida, binti wa mama yangu mdogo, akampiga mkono yule mrefu wa Lachetu. Nikapuliza.

"Ya kwanza hiyo!" Zenaida akawahi. "Mpira wa pembeni!"

"Ya tano," nahodha wa Lachetu akasema. "Au huku kwenu mnahesabu kwa kusahau?"

"Soma ubao, shangazi, kama macho bado unayo!"

"Ubao kaufuta mjomba wako!"

Niséforo akaificha chaki mfukoni, kana kwamba hiyo ndiyo yenye kosa. Kwenye ngazi za ofisi ya kijiji mtu akapaza sauti, "Otilia, ukitupokonya fahali, tamale za mahindi za leo kale Lachetu!" Watu wakacheka, ila si cheko la kupendeza. Fahali wa zawadi alikuwa amefungwa palepale, anavuta kamba.

Mzee Fidencio akasema kutoka kitini kwake, "Robo imekwisha, binti. Na faulo zimekwisha. Mbona rahisi?"

Nikatoa karatasi kwenye soksi. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, nasoma kwa kidole. Kila robo ikiisha, faulo hufutwa. Kweli. Kuhusu faulo katika nyongeza, hakuna neno. Nikageuza, nikarudia, jasho likadondokea wino. Chini kabisa: kila robo mpya timu hubadilishana kapu, katika dakika za nyongeza hazibadilishani.

Nikatazama makapu. Kila timu ilikuwa inashambulia upande uleule wa robo ya nne.

"Unasali?" Zenaida akaniuliza. "Amua basi!"

"Hatukubadilishana kapu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia kwa nguvu. "Kwa hiyo hii si robo mpya. Ni ya nne bado, imerefushwa. Faulo ni tano. Mitupo miwili."

Zenaida alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Mtoto wa mama mkubwa, wewe," akasema, akaondoka.

Yule mrefu akatumbukiza yote miwili. Zenaida akarusha kutoka mbali, mpira ukagonga chuma, muda ukaisha. Lachetu wakamfungua fahali kwa nderemo.

Sikujua niende wapi. Nikabaki katikati ya uwanja. Aristeo akaja, akaitaka karatasi. Akaisoma midomo ikimtembea, akaisoma tena.

"Hapa hawajaandika faulo za nyongeza."

"Hawajaandika."

"Ungefuta, nani angekulaumu? Fahali angekuwa wetu."

"Makapu yangenilaumu."

Aristeo akaiweka karatasi mezani. Kisha akamwita Niséforo alete kalamu. "Andika hapo chini ulivyoamua. Mwakani ukiwa na filimbi uwanjani sitaki kelele hizi."

Nikainama mezani. Dakika za nyongeza ni robo ya nne, faulo hazifutwi. Herufi zikapanda mlima. Zenaida alisimama mbali, amefunga mikono kifuani, ananiangalia.

"Na jina lako," Aristeo akasema. "Lisomeke."