Isale Katika Kitabu cha Memsabu

Pete ya kamba iliangukia kigingini, wazungu wakapiga makofi, nami nikapiga makofi pamoja nao kwa sababu Rozi alikuwa ananitazama. Alikuwa na miaka minne, na mtoto wa miaka minne husoma uso wa yaya wake kabla hajajua kusoma kitu kingine. Kwa hiyo nilitabasamu. Jua lilikuwa limetulia juu ya sitaha, bendi ya Wagoa ilikuwa inapiga polepole, wanawake walikuwa wamejinyoosha kwenye viti vya turubai, mikono yao inang'aa mafuta, na bahari yenyewe ilikuwa laini kama uji uliopoa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Novemba, mwaka wa hamsini na moja. Kesho yake, Jumamosi, nyumba ya mama yangu ingechomwa moto, na mtu aliyemwambia mama abaki ndani yake ni mimi.

"Tupa na wewe, yaya!" Rozi akasema.

Nikatupa. Nikapata. Wakapiga makofi tena.

Habari yenyewe nilikuwa nimeipata muda mfupi tu kabla, wakati wa chai ya asubuhi. Bwana, baba yake Rozi, alikuwa ameegemea vyuma vya ukingoni na mzungu mwingine aliyepandia Mombasa, wanazungumza. Kiingereza changu kilikuwa cha chumba cha mtoto: maji ya moto, soksi, lala, usilie. Lakini Ngarenanyuki ni Ngarenanyuki kwa lugha yoyote, na siku zote za wiki nilizijua kwa sababu kila siku ilikuwa na kazi yake. Nikasikia Jumamosi. Nikasikia malori, nikasikia polisi. Yule mwenziwe akauliza kitu. Bwana hakumjibu kwa mdomo. Alitoa kibiriti, akawasha njiti, akaiinua hewani kidogo, kisha akawashia kiko chake, akaitupa baharini. Wakacheka. Si kicheko kibaya, kilikuwa kicheko cha watu walioshiba.

Wajukuu zangu huniuliza meli ile ilikuwaje. Nawaambia kulikuwa na bwawa la kuogelea juu ya bahari, maji juu ya maji, na barafu tamu saa nne asubuhi, na mwanamume mzima ambaye kazi yake ilikuwa kukunjua viti na kuvikunja. Wanafurahi. Ni kweli yote. Siku ile hatukuona nchi kavu tangu asubuhi hadi jioni, tulikuwa tumeiacha Dar es Salaam nyuma na Beira ilikuwa bado mbali, na Memsabu, mama yake Rozi, aliniambia, "Leo hapana kazi mingi, yaya. Leo wewe pumzika."

Kule Ngarenanyuki, ng'ambo ya mlima Meru, tarehe zilikuwa zimetajwa nyingi zikapita. Watu walikuwa wameambiwa wahame, ardhi wapewe wazungu wa kufuga ng'ombe. Watu wakakataa, wakaendelea kupalilia. Mama yangu, mjane, mzaliwa wa Machame aliyeolewa Meru, alikuwa anamlea mwanangu Elifuraha ili mimi nimlee Rozi. Elifuraha alikuwa na mwaka mmoja na nusu, kifua chake kibovu tangu masika. Baba yake, Aminieli, alikwisha kututangulia. Wiki moja kabla ya safari nilivuka kwenda kuwaaga.

"Kaanaeli," mama akaniambia, "mimi nataka nishukie Akheri kwa baba yako mdogo Sumari. Mtoto huyu hawezi vurugu."

Mimi nikamjibu kama mtu mwenye habari za ndani. "Memsabu ameniambia hakuna kitakachofanyika hadi mwaka mpya. Ukitoka, ng'ombe atakamuliwa na nani? Maharage je? Kaeni. Msitoke mpaka nirudi."

Mama alinitazama. "Memsabu amesema?"

"Amesema."

"Haya. Wewe ndiye unayekaa nao."

Hayo ndiyo yaliyokuwa yananizunguka kichwani huku natupa pete. Kwetu mtu hapotei. Kila kitu kiko juu au kiko chini. Unauliza njia, unaambiwa panda au teremka, na mlima upo pale umekaa unakuonyesha. Baharini niligeuka kila upande nikatafuta juu iko wapi, ili nijue hata pa kuelekeza uso nikiomba. Hapakuwa na juu. Palikuwa na maji, na moshi wa meli, na wazungu wakiulizana nani atacheza tena.

Nilimpeleka Rozi chumba cha kupumzikia abiria akanywe maji ya matunda, na huko ndiko nilikoliona. Katikati ya minazi midogo ya urembo, ndani ya chungu cha shaba kilichosuguliwa kikawa kioo, lilisimama isale. Nilidhani macho yananidanganya. Majani yale yale marefu, kijani chenye mstari, yanayozunguka mipaka ya vihamba, mashamba ya migomba, na makaburi ya wazee kwao mama. Tangu nikiwa mdogo nilimwona mama akilitumia. Ukimkosea mtu, au shida ikikushinda, unachuma isale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Aliyelipokea hawezi tena kukukatalia. Niliona watu walioapa kutozikana wakipokea jani hilo na kuketi kunywa kibuyu kimoja.

Nikatazama huku na huku, nikachuma mawili. Moja nikalitia kifuani. Jingine nikalifunga fundo.

Leo najua kosa langu. Wakati ule sikufikiri kwamba nampelekea mzungu. Nilifikiri nampelekea mama wa mtoto.

Memsabu alikuwa kitini, miwani myeusi usoni, kitabu kimefunguka tumboni. Nikapiga goti, nikamnyoshea kwa mikono miwili.

"Oo! Mzuri sana, yaya," akasema. "Asante." Akaligeuza geuza, akacheka kuona fundo, kisha akaliweka kati ya kurasa mahali alipofikia, akakifunga kitabu.

Nikabaki nimepiga goti. Nilikuwa nangoja. Kwetu, baada ya isale kuna kungoja kidogo, mtu anavuta pumzi, ndipo anasema, "Haya, nieleze." Yeye akauliza kama Rozi amekunywa.

"Memsabu," nikasema, "kesho wanachoma Ngarenanyuki."

Alivua miwani. Aliangalia kwanza kule alikokuwa Bwana, ndani ya bwawa, kichwa chake chekundu kikielea. "Nani nasema?"

"Bwana amesema. Wewe uliniambia mwaka mpya. Mama yangu yuko kule, na mwanangu."

Kisha akanishika mkono, na naapa macho yake yalikuwa na machozi. "Kaanaeli, ndiyo sababu mimi nalete wewe huku. Mimi hapana taka wewe ona."

"Na mama yangu je," nikamwuliza, "naye umemleta?"

Akasema tutaandika barua tukifika Beira, barua nzuri, yeye mwenyewe ataiandika. Akarudisha miwani.

Niliteremka chini kwa ngazi za chuma, Rozi kiunoni, hadi chumba cha kufulia. Huko alikuwapo Melkizedeki, mtu wa makamo kutoka Machame, Mchaga pekee katika meli ile ya Wahindi na Wagoa. Tulikuwa tumejuana siku ya kwanza, nilipotapika kwenye kapu lake la mashuka. "Ninyi Wameru," aliniambia siku hiyo, "mkitolewa kwenye migomba miguu inakuwa ya kuazima." Aliposikia mama ametoka kwao, akajipa cheo papo hapo: "Basi mimi ni mjomba wako. Shuka utafua mwenyewe, lakini mjomba umepata."

Nilipomtolea isale la pili alikuwa ameshika pasi. Aliiweka chini. Akafuta mikono yake kwenye aproni, upande huu na upande huu, ndipo akalipokea.

"Umelitoa wapi hili, humu baharini?"

"Kwenye chungu cha wazungu, juu."

"Umewaibia isale!" Alianza kucheka, kisha akaniona uso, akaacha. Akavuta pumzi. "Haya, mwanangu. Nieleze."

Hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza, na Rozi naye akalia kwa kunisikia. Tulimweleza wote wawili.

Melkizedeki alisema kuna simu ya upepo juu kabisa, chumba kidogo nyuma ya bomba la moshi, na kijana mzungu anayeipiga humtegemea yeye kwa kola zake. Inaweza kupeleka neno Dar es Salaam, kutoka huko liende Arusha kwa waya, posta impe mtu wa misheni ampelekee mama. Alinipa karatasi. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la tatu, nikafikiri nitaandika mengi, samahani nyingi, na habari za ng'ombe, na dawa ya kifua. Nikaandika: MAMA TOKA LEO USINISUBIRI KAANAELI.

Alikwenda. Nikapiga pasi leso zake ili mikono yangu iwe na kitu. Alirudi na karatasi ile ile.

"Anataka sahihi ya abiria. Nimemwambia Kaanaeli ni abiria. Ameangalia daftari, humo umeandikwa mtumishi mmoja." Akashusha sauti. "Amesema sahihi ya Memsabu wako itatosha. Lakini saa kumi anafunga kwenda kunywa chai."

Nilipanda. Saa ilikuwa inakaribia kumi, vikombe vilikuwa vinalia kwenye sinia, bendi ilikuwa imeanza wimbo wa kuchezeka na wazee wawili walikuwa wanacheza mashavu yamegusana, wamefumba macho. Bwana alikuwa bado anaogelea, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Nilihesabu: akigusa ukuta wa mbali nina muda, akigusa wa karibu sina.

Nilimweka Rozi miguuni pa mama yake. Nikaweka karatasi juu ya kitabu, na kalamu ya Melkizedeki juu ya karatasi.

"Nilimwambia mama asitoke, Memsabu. Kwa neno lako nilimwambia. Mtoto wako huyu hapa, mzima, amekunywa, amekula. Nirudishie neno langu."

Sikuwahi kusema naye hivyo. Sikupiga goti. Nilisimama juu ya miguu yangu ya kuazima.

Bwana aligusa ukuta wa mbali, akageuka.

Memsabu alichukua kalamu akatia sahihi. Hakusoma. Kiswahili cha maneno matano angeweza kukisoma. Aligeuza uso kabisa, kama mtu anayechomwa sindano, ili siku moja aweze kusema hakujua kilichoandikwa. Kisha akamwita Rozi mpenzi wake, akampakata, na Bwana alipotoka majini akiomba taulo, nilikwisha kufika ngazini.

Neno lilikwenda. Melkizedeki aliniapia kwamba alisimama mlangoni akasikia likitoka, tii-ti-tii, na kwamba kijana yule hakuweza kulitamka jina langu lakini alilipiga herufi moja moja. Nilikwenda kusimama ukingoni nikitazama upande aliosema ndio wa nyumbani. Chakula cha jioni kilikuwa cha sherehe, watu walivaa kofia za karatasi. Rozi alinivika yangu, nyekundu. Niliivaa.

Niliishi na siku hiyo moja, iliyokuwa kati ya neno langu na moto, kwa miezi miwili, hadi meli iliporudi. Barua kutoka nyumbani haikunifikia popote.

Januari nilimkuta mama Akheri, kwa baba mdogo Sumari, anachambua maharage ya watu. Elifuraha alikuwa amekaa juu ya gunia. Alikuwa hai. Alikuwa na kikohozi kilichomtoka tumboni, na hakunijua. Mama alinyoosha mkono nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akanipisha kwenye kigoda.

Habari alinipa Sumari, maana mama hakutaka kuisema. Posta ilipata neno langu Jumamosi mchana, likakaa hadi Jumatatu. Mwinjilisti Philemoni alilibeba kuzunguka mlima, akafika akakuta majivu na paka. Alimtafuta mama siku nane kule watu walikoshushwa na malori, kwenye nyasi na mvua, akamsomea. Mama akamwambia, "Mwandikie mwanangu kwamba nimekwisha toka."

"Na siku yenyewe?" nikauliza.

Sumari alitazama pembeni. "Askari walimwambia, bibi, toka. Akawaambia, binti yangu amesema tusitoke mpaka arudi. Wakamwambia tena. Akawaambia vile vile. Walimbeba na kigoda chake, mtoto mapajani. Majirani wote walikuwa wameshapanda lori, bibi yuko mlangoni anawaeleza askari kwamba wewe unakaa na wazungu, unajua."

Mama aliishi miaka kumi na mitatu baada ya hapo. Hakunilaumu hata mara moja, na mimi sikuondoka tena kwake, wala kwa Memsabu sikurudi. Tulikula pamoja, tulilima pamoja, Elifuraha akapona akakua. Lakini kila nilipomwambia, "Mama, nateremka mtoni, narudi sasa hivi," alinijibu kwa upole, "Haya, mwanangu." Na nikifika kwenye kona ya migomba, nikigeuka, namwona amekwisha inuka, anamvika mtoto sweta, tayari kutoka.