Tumbawe Lililovimbiwa

Kabla ya kwenda semina Dodoma, Jovitus, afisa umwagiliaji mwenyeji wa Bukoba, alimwachia mwenye nyumba wake, Tusajigwe, tangi la maji chumvi lenye samaki wawili na tumbawe moja.

"Tumbawe linaishi kwa mwanga, mama. Usiliguse. Likifa mimi nahama."

Tusajigwe hakuligusa. Alichofanya ni kulitangaza. Tangu wanawe waolewe na kuoa, nyumba yake ilikuwa imepoa kama jiko la juzi. Huyu mpangaji na tangi lake ndio walioirudishia watu. Kata nzima ya Ipyana ikaja kumwona mnyama wa baharini mwenye umbo la uyoga na vidole mia.

Siku ya sita vidole vikazama ndani. Tumbawe likasinyaa na kutoa ute, maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Akampigia Jovitus.

"Kuna kilichoingia humo, mama. Kama ni sabuni, tumekwisha. Kama ni chakula, linaweza kupona. Nani ameweka nini?"

"Nitakwambia jioni."

Kwa upelelezi, Tusajigwe hakuhitaji polisi. Hakumuuliza mtu swali. Alimwambia tu jirani yake Angetile kwamba Kisa wa kwaya anajisifu ndiye aliyemlisha mnyama.

"Kisa?" Angetile akabetua mdomo. "Wali wa kwanza nilimpa mimi, Jumatatu."

Kisa naye, aliposikia, akadai ndizi mbivu. Mzee Ezekiel akakiri usipa watatu, dagaa wa ziwani. "Vichwa nilitoa," akasema, "sina roho mbaya." Wote walikuwa na hoja moja: afisa mzima wa serikali anamshindisha mnyama kwa mwanga tu, na wewe umekaribishwa chai humo humo. Utamezaje mwenzio akikutazama?

Jioni Tusajigwe akapiga simu, sauti chini.

"Wali, mwanangu. Ndizi. Usipa." Akatazama mlangoni. "Na kande, kijiko kimoja. Hicho ni changu."

Jovitus akarukia hilo la mwisho.

"Kande za maharage?"

"Machache."

Jovitus akashusha pumzi, akampa dawa: anyonye uchafu wa chini kwa mpira, atoe robo ya maji, arudishe maji safi yaliyokorogwa na chumvi ya kwenye ndoo ya buluu, si ya jikoni. Arudie kila siku. Na chakula, basi.

Mvuto wa kwanza wa mpira ulimpa Tusajigwe mdomo mzima wa usipa wa Ezekiel. Akatema, akataja jina la mzee pamoja na ukoo wake, akaendelea.

Ikabaki kazi ngumu: wageni. Akaweka kiti mlangoni.

"Mnyama amefunga," akawaambia. "Siku tatu, anaomba."

Hakuna aliyebisha. Ezekiel alivua kofia, akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, akageuza baiskeli.

Siku tatu Tusajigwe alikaa peke yake na mngurumo wa pampu, hana hata wa kumsema. Ya tatu mchana, kidole kimoja kikachungulia. Kisha vitano. Akavihesabu kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kuambiwa.

Jumamosi Jovitus aliingia, hakusalimia, akainama kwenye kioo muda mrefu. Halafu akabeba begi lake hadi chumbani. Tusajigwe alisimama ukumbini, akitega sikio. Alisikia zipu ikifunguliwa, na hanga za nguo zikigongana kabatini.

Akachukua simu kumpigia Angetile. Waje, lakini kila mtu ale kwao kwanza.