Paji la Uso la Magdalene

Kitu cha kwanza Gachau alichokiona alipoingia kwenye bustani ya sanamu ni twiga wa simiti aliyepakwa rangi ya mdomo, nyekundu kabisa. Twiga na midomo! Nyuma ya twiga kulikuwa na nanasi la faiba refu kuliko mtu, limeletwa na lori kutoka Nairobi, na tayari kuna bwana alikuwa amelikojolea. Harufu ilimpokea kabla hajalifikia. Hapo ni katikati ya mji wa Thika, mahali ambapo kamati ya bustani ilikuwa imepasifu makanisani na redioni mwaka mzima, eti watu watakuja na watoto wao waone sanaa. Zilibaki siku chache pafunguliwe, na pananuka choo.

Gachau alitema mate kando akapita. Hakuja kwa ajili ya twiga. Alikuwa amepigiwa simu asubuhi akiwa Witeithie, kwenye kiwanja chake cha mawe, akaambiwa sanamu yake ina kasoro na aje aitazame mara moja.

Kasoro! Jamani, mtu amechonga mawe miaka thelathini na mitano. Nyumba ngapi za Membley zimesimama juu ya mawe aliyoyakata yeye, na hakuna hata jiwe moja alilorudishiwa akaambiwa lina kasoro. Njia nzima alikuwa akijiuliza labda waliiangusha sanamu wakiisogeza, labda mkono umevunjika, labda pua. Alipofika akamzunguka mara mbili. Hakuna kilichovunjika.

Alikuwa amesimama pale pale alipomwacha, chini ya mti wa jakaranda: mwanamke mzee wa jiwe la kijivu la Ndarugo, mzigo wa kuni ameutua miguuni, kamba ya ngozi ameishika mkononi, kichwa wazi. Na kwenye paji la uso, kutoka upande huu hadi ule, kulikuwa na kibonde. Ni kile kibonde ambacho kamba ya mzigo huchimba kwenye mfupa wa mwanamke anayebeba kuni na maji na magunia mgongoni, kamba ikipita kichwani, kuanzia utotoni mpaka anapozeeka. Kila Mkikuyu aliyekuwa na nyanya anakijua. Ukitaka kukiona, mwambie nyanya avue kitambaa, kama atakubali.

Magdalene, mama yake Gachau, hakuwa amekubali kwa zaidi ya miaka arobaini. Tangu mabinti wa mjini walipomcheka kwenye harusi moja, alikifunga kitambaa chini mpaka kwenye nyusi, akalala nacho, akaamka nacho. Wajukuu zake walikuwa hawajui kilichoko chini yake. Gachau alimbembeleza mwezi mzima. Alimwambia, maitu, mama yangu, nataka watu wakuone ulivyo. Siku aliyokubali alikivua kitambaa polepole, akakiweka mapajani, akafumba macho kama mtu anayedungwa sindano. Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Usinichonge nikiwa nimebeba," alimwambia. "Nimebeba ya kutosha. Nichonge nimetua."

Akakaa kwenye kigoda asubuhi nane mfululizo, mwanawe akigonga tindo. Kufikia ile ya nane alikuwa anacheka na kupiga hadithi, kichwa wazi juani, wapakiaji wa mawe wakipita na kumsalimia. Gachau hakuwa amewahi kumwona mama yake hivyo. Kibonde alikichonga mwisho kabisa, kwa kidole gumba na msasa, na alipomaliza mama yake alikuja akakipapasa, kisha akapapasa chake, kisha tena cha jiwe. Akasema, "Ni mimi." Basi. Jioni ile aliwaambia wenzake wote wa kanisani kwamba atasimama mjini Thika watu wamwone.

"Ndio huyu fundi mwenyewe!"

Ngigi, mwenyekiti wa kamati, alikuja akiruka vidimbwi ili asichafue viatu. Alikuwa mtu wa maduka matatu na maneno elfu, na tabasamu lake lilimfikia mtu kabla ya mkono wake. Alipanda kwenye jukwaa la sanamu, akaingiza kidole gumba chenye pete kwenye kibonde na kukisugua huku na huku.  Kwa Gachau ni kama aliyesuguliwa ni yeye.

"Unaona hii? Lori lilimgonga?"

"Hakugongwa. Ndivyo alivyo."

"Mwanamke ana mtaro kwa kichwa, fundi? Wee, kuwa serious. Hiyo tindo iliteleza, sema tu. Hakuna mtu atakuuma."

"Mwenyekiti," Gachau alisema, "mama yako anavaa kitambaa ama kofia?"

Tabasamu la Ngigi likakauka. Aliangalia nyuma kama kuna mtu karibu, akashuka, akasogea hadi Gachau akanusa manukato yake, yaliyochanganyika na ule mkojo wa nanasi.

"Usinifundishe mambo ya kwetu," alisema kwa sauti ya chini. "Najua ni nini. Kila mtu kwa hii kamati anajua. Lakini hapa watakuja wageni. Watapiga picha, wataandika. Unataka waseme tulikuwa tunatumia mama zetu kama punda?"

"Na hatukuwatumia?"

 Ngigi alikunguta vumbi kwenye mkono wa koti. Kisha akasema kwamba mambo ni rahisi: shimo lizibwe, paji liwe laini, mama apendeze. Kama fundi hataki, hakuna ubaya, sanamu itatolewa ipelekwe kusagwa kokoto, na mahali pake pawekwe swara. Yule aliyetengeneza twiga alikuwa na swara wawili waliobaki.

"Nakupa mpaka Ijumaa," alisema, akampigapiga begani kama anayemtuliza mbuzi, akaenda zake akiruka vidimbwi.

Gachau alirudi Witeithie akiwa amefura. Chakula kilimshinda. Alimtukana Ngigi kimoyomoyo, akaitukana kamati, akamtukana mpaka twiga. Watu wazima, waliolelewa kwa kuni hizo hizo na maji hayo hayo, wakasomeshwa kwa mgongo huo huo, leo wanamwonea haya mwanamke kwa sababu mzigo wao ulimwachia alama! Ilikuwa inanuka kuliko nanasi. Aliapa hatagusa jiwe lile. Wamsage, wapate laana yao.

Lakini usiku si mrefu sana kwa mtu anayebishana na nafsi yake, na kulipokucha alikuwa ameanza kujadiliana. Akisagwa, atamwambia nini maitu? Ameshaliambia kanisa zima. Je, si afadhali asimame, hata kama si mzima? Nani atamwangalia paji? Watu wataona kuni, wataona kamba, wataelewa. Na akimwacha fundi mwingine aguse, si atamharibu uso wote? Hayo yote aliyasema kwa sauti peke yake akipanga vifaa kwenye mfuko, na yote yalionekana yana akili. Unajua mtu akianza kuona kila kitu kina akili namna hiyo, ameshauza.

Alhamisi alienda Thika. Alichekecha vumbi la jiwe lile lile la Ndarugo, akalichanganya na simiti nyeupe na gundi, akapanda kwenye jukwaa. Alijaza kibonde kwa kidole gumba kile kile alichokichongea. Akasubiri kikauke, akapiga msasa, akapangusa kwa kitambaa cha maji, akapiga msasa tena. Alikuwa fundi hodari, na hicho ndicho kilichomtia kinyaa zaidi: kazi ilitoka safi. Ngigi alipokuja kukagua alitafuta alama kwa miwani na hakuiona.

"Sasa huyo ni mama!" alisema Ngigi.

Gachau alinawa mikono kwenye mfereji, akanawa tena. Gundi ilikataa kutoka chini ya kucha.

Hakumwambia mama yake neno. Ijumaa jioni alimwambia jua la kesho litakuwa kali na watu watakuwa wengi, afadhali akae nyumbani, atampeleka siku nyingine kukiwa kumetulia. Magdalene alimwangalia, akasema, "Sawa." Gachau akapumua. Angejua mama yake alivyo, hangepumua.

Jumamosi bustani ilijaa. Kulikuwa na tenti la wageni, viti vyenye vitambaa vyeupe, spika zinazopasua masikio. Mtu alikuwa ameliosha nanasi kwa dawa ya choo, kwa hivyo sasa lilinuka mkojo na dawa. Watoto walikuwa wamempanda twiga. Ngigi alikuwa kwenye kipaza sauti akieleza jinsi anavyowaheshimu akina mama wa eneo hili, waliolijenga kwa mikono yao, na watu wakapiga makofi. Gachau alikuwa amesimama kando ya sanamu kama alivyoagizwa, akiangalia viatu vyake.

Ndipo akaona umati unapasuka njia.

Alikuwa Magdalene, na nyuma yake wanawake sita wa kanisani, na amefika kichwa wazi. Hakuna kitambaa. Nywele zake nyeupe alikuwa amezinyoa vizuri, paji lake limepakwa mafuta, na kibonde kinaonekana kutoka mbali. Alitembea taratibu, kidevu juu. Wengine walimkodolea macho, msichana mmoja akaziba mdomo, na yeye hakupepesa. Gachau alitamani ardhi immeze, jukwaa na yote.

"Ngai, ni mama mwenyewe!" Ngigi alipiga kelele, maana hakuwa mtu wa kuacha nafasi ipite. Alimkimbilia, akamshika mkono, akamwongoza hadi kwenye sanamu, kipaza sauti mdomoni. "Mpigieni makofi! Huyu ndiye mama wa jiwe! Mama, waambie watu unajisikia aje ukijiona hapa."

Magdalene aliitazama sanamu. Alitazama kuni, akatazama kamba, akapanda na macho hadi usoni, na hapo akakaa. Makofi yakapungua yenyewe.

"Huyu simjui," alisema.

Spika zilibeba maneno hayo hadi barabarani. Ngigi akacheka. "Mama, ni wewe! Angalia vizuri."

"Huyu hajawahi kubeba kitu."

Watu kadhaa walicheka, wakidhani ni mzaha wa kizee. Magdalene aliinua mkono akapitisha kidole juu ya paji la jiwe, mara moja, upande hadi upande.

"Nani alimziba?"

Ngigi alikishusha kipaza sauti na kugeukia tenti kana kwamba ameitwa huko. Gachau alikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa ulimini tangu Alhamisi: ni kamati, maitu, walinilazimisha, wangekusaga. Lakini mama yake hakuwa anamwangalia Ngigi. Hakuwa amemwangalia hata kidogo. Alikuwa anatazama kucha za mwanawe.

"Ni mimi, maitu," Gachau alisema.

Mama yake alitikisa kichwa polepole kukubali. Hakupaza sauti.

"Hawa hawakuwepo nilipobeba," alisema, akilionyesha tenti zima kwa kidevu. "Wewe ulikuwa unatembea mbele yangu na vitabu vyako, kila mara unageuka kuniuliza kama nimechoka."